Gari la Datius Lilivyolishwa Kahawa

"Hilo si gari, Aristides! Huyo ni Datius mwenyewe anagomba!"

"Sikusikii, Ta Rutashobya. Semea huku."

Aristides akang'ata ncha ya bisibisi, akamsogezea mzee mpini. Ta Rutashobya akainama na koti lake la msibani, akaufokea ule mpini kama mtu anayepiga simu ya posta:

"Nimesema huyo ni Datius! Anagomba na mke wake!"

Aristides akaitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwenye suruali. "Datius hana sauti hii. Hii ni sailensa ya gari, na iko juu."

"Ma Celina," mzee akanigeukia mimi, "mwambie huyo kiziwi wako mimi sikuja hapa kufundishwa sailensa!"

"Mwambie mwenyewe, waitu. Mimi ni shangazi yake, si redio yake."

Ilibidi wote tupige kelele, maana gari lilikuwa limesimama katikati ya uwanja wa nyumba, halina dereva, halina hata mguu wa kuku kwenye pedali, na bado lilinguruma kama lori la kahawa linalopanda Kamachumu. Sailensa, kwa wewe usiyejua, ni ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama. Dereva ameondoa mguu, injini inapumua tu, kama mtu aliyeshiba. Hili halikupumua. Lilifoka. Ndizi zilizokuwa karibu nalo zilianza kuiva kabla ya wakati wake kwa hofu.

Na Joviana alikuwa amekaa mkekani mlangoni, kitambaa cha ujane kichwani, anatazama lile gari kama mtu anayesubiri hakimu aseme. Alikuwa na sababu. Datius alikuwa mume wake, na Rutashobya ni baba mkubwa wa Datius. Mzee alikuwa ametangaza mbele ya ukoo wote kwamba mume aliyekufa akiwa na amani na mkewe hangurumi. Kama gari halitulii, basi marehemu hamtaki Joviana kwenye kibanja chake. Atafungasha arudi kwao Muleba, watoto watabaki, migomba itabaki, na mzee atajitolea kuitunza. Kujitolea huko alikutaja mara nyingi sana. Lililobaki lilikuwa neno la Ma Kokuberwa, dada mkubwa wa Rutashobya, shangazi wa marehemu. Katika ukoo ule, Ma Kokuberwa akisema kaa, unakaa. Akisema ondoka, hata mbwa anaondoka. Yeye alikuwa nyumba ya nyuma, amejilaza kwa uchovu wa kulia, ameagiza asisumbuliwe.

Kwa hiyo kazi ya Aristides ilikuwa hiyo: kulituliza gari kabla bibi hajaamka.

Huyo Aristides nilimlea mimi kule Kagondo, mama yake alipofariki. Usimwone hivi, zamani alikuwa na masikio. Masikio mazuri sana, makubwa, hata padre mmoja wa Kashozi aliyasifu siku ya ubatizo. Akawa utingo wa lori la ndizi. Vita ilipokuja, lori lao lilikuwa karibu na Kyaka siku daraja lilipolipuliwa, na ule mlipuko ulimwingia kwa sikio la kushoto, na mpaka leo haujatoka. Ukimkaribia sana wakati wa mvua utausikia unatembea humo ndani. Wanaobisha ni wale wale waliobisha kwamba bomu la ndege liliangukia shamba langu, likakataa kulipuka, nikalitumia kama figa mpaka vita ikaisha. Waje waone jiko langu.

Alidhani maisha yamekwisha. Utingo asiyesikia "simama" ni marehemu anayejifunza. Lakini siku moja alilala chini ya lori la jeshi kuokota kitu, mikono imejaa, spana kaing'ata mdomoni, na ile spana ikagusa gia. Akasikia. Akasikia gia inalalamika, jino moja baada ya jingine, kama mgonjwa anayeeleza zahanati. Kumbe masikio yake yalikuwa yamehamia kwenye meno! Wanajeshi wakamchukua, wakaenda naye mpaka Uganda, kila lori likikohoa Aristides analing'ata. Alirudi na sanduku la vifaa, na meno yamelegea kidogo kwa kazi.

Tukahamia Kemondo, akafungua gereji kando ya barabara ya bandarini. Wavuvi walimletea injini za mitumbwi kutoka visiwani. Mayenga, yule Msukuma wa sangara, alileta injini inayokata moto katikati ya ziwa. Aristides akaing'ata, akatulia, akamwambia: "Injini ni nzima. Lakini mtumbwi huu unabeba wanawake wawili wasiosemezana." Mayenga alikaa chini pale pale. Nilikuwepo.

Kisha ikaja ile miaka tuliyoita ya Juliana, maana ugonjwa tuliupa jina la vile vitambaa vya magendo vilivyokuja nao. Gari zima Bukoba yote likawa ni lile linaloweza kufikisha jeneza, na karibu yote yalipita mdomoni mwake. Alijua gari linatoka wapi kwa ladha: la Karagwe vumbi tamu, la Muleba chumvi kidogo. Aliyatengeneza barabarani, jeneza likingoja juu, ndugu wakiimba. Sisi wenye masikio tulikuwa tumechoka kusikia vilio, kuna watu walikuwa wakiamka wameziba masikio kwa vidole. Yeye alisikia mashine tu. Ndiyo maana aliweza kwenda kazini kila siku.

Sasa gari la Datius. Datius alilinunua Mwanza kwa mtu aliyekuwa amechoka nalo, likavuka ziwa kwa meli, likashushwa Kemondo, na siku ile hata sangara walipanda juu ya maji kuliangalia. Jekundu, milango miwili, tumbo liko chini kiasi kwamba likipita juu ya kuku, kuku anatoka amenyolewa. Kiti cha nyuma kilitosha mkungu mmoja wa ndizi, na mkungu wenyewe ukunje magoti. Na lilikuwa na taba. Taba ni kidude kama konokono wa chuma. Kinazungushwa na moshi wa gari, kinapuliza hewa ndani ya injini, ndipo gari linaruka kama lililochomwa na nyigu. Lilikuwa zee tayari, ila taba ilikuwa haijaambiwa.

Datius akaugua, akakonda mpaka mkanda wa kiti ukawa unamzunguka na kubaki. Joviana alimuuguza, akamlisha, akamwosha, wakati ndugu wengine walikuwa wakimjulia hali kutoka barabarani. Tulipomzika, gari lenyewe lilibeba msalaba, na lilikwenda kimya, na adabu, kama katekista. Matanga yakaendelea. Watu wakala, wakanywa, wakalala kwenye nyasi. Asubuhi ya juzi Rutashobya akaliwasha aende kuwaita wajomba, na hapo ndipo likaanza kufoka, naye akakataza lisizimwe, eti marehemu hakatizwi.

"Tangu juzi unalichokonoa," mzee akasema, sasa akisemea kwenye ule mpini bila kuombwa. "Umepata nini?"

Tuseme ukweli, hakuwa amepata kitu. Kwanza alisema ni waya wa pedali ya mafuta umekwama. Akautoa, akaupaka samli, gari likanguruma vile vile ila likanuka kama harusi. Halafu akasema ni skrubu ya sailensa, akaizungusha huku, likapanda; akaizungusha kule, likapanda zaidi; akaitukana, akairudisha ilipokuwa. Halafu akasema ni panya. Tukamtafuta panya. Tukampata panya, lakini alikuwa nyumba ya jirani na hakuwa na habari.

"Fundi mzima anamshitaki panya!" akacheka Rutashobya. "Marehemu unamwacha, panya unamkamata!"

"Ta Rutashobya," Joviana akasema kutoka mkekani, polepole, "Datius alipokuwa hai hakunifokea hata siku moja. Ajifunze kaburini?"

"Kaburini ndiko wanakoambiwa yote, mwanangu."

"Basi na wewe ungeanza kuogopa."

Nilicheka mpaka kiko kikazimika. Nikakiwasha tena. Aristides akaniambia nisogee mbali na petroli, nikasogea kidogo upande wa pili, ambako kulikuwa na petroli zaidi, na upepo mzuri.

Akaanza upya. Akapanda juu ya injini, magoti yote mawili, akang'ata mpini, ncha akaitembeza taratibu: huku, kule, juu ya taba, chini ya taba. Macho kayafumba. Tukanyamaza wote, ingawa gari halikunyamaza. Mwishoni akafumbua jicho moja.

"Anameza," akasema.

"Nani anameza?" Rutashobya akaurukia mpini. "Datius?"

"Injini. Kuna mahali inameza upepo wa wizi. Hewa ya halali inapita mlango mkubwa, pedali ndiyo inayofungua. Hii inaingia dirishani. Ndiyo maana inakimbia hata ukiondoa mguu. Lakini dirisha silioni."

Na mimi sikuwa nafanya chochote, navuta tumbaku yangu kwa amani. Nikatoa moshi. Ule moshi, badala ya kwenda juu kama moshi wa watu waliolelewa vizuri, ukakunja kona, ukashuka, ukaingia nyuma ya injini, ukapotea. Nikatoa mwingine. Ukapotea. Nikamsemea mpinini, "Aristides, gari lako linavuta tumbaku yangu bila kuomba."

Akafuata moshi kwa kidole. Nyuma kabisa, chini ya bomba kubwa, palikuwa na kichuchu cha chuma, kifupi, tundu lake kama ncha ya kidole cha mwisho. Linavuta: fyuuuuu. Akaweka kidole.

Gari likatulia.

Ndugu zangu, kimya kile! Tangu juzi hatukusikia chochote. Mara tukasikia kila kitu. Tukasikia mchwa wakila mlango. Tukasikia Muleba wanamenya ndizi. Gari lilikuwa linapumua tu, tu, tu, kama mtoto aliyenyonya. Joviana aliweka viganja usoni.

Ungedhani yameisha. Hujui Rutashobya.

"Umemziba mdomo!" akapiga kelele, na sasa kelele zenyewe zilikuwa kubwa kuliko haja. "Mmeona wote! Marehemu anasema, fundi anamziba mdomo kwa kidole! Toa!"

Aristides hakusikia, ila alitoa, maana kidole kilikuwa kinafyonzwa kimegeuka cha bluu. Gari likafoka. "Mnasikia? Anasema, 'nimezibwa!'"

"Sitakaa na kidole humu mpaka ufufuo," Aristides akasema. "Nitafutieni kitu cha kuziba."

Basi Joviana alikuwa ameshika kikapu cha kahawa ya kutafuna, maana msiba ni msiba, na mgeni kwetu hupewa kahawa kabla hajaulizwa habari. Ile kahawa inayochemshwa na majani ya harufu, ikaanikwa na ganda lake. Akamsogezea Aristides kama anavyomsogezea kila mtu. Aristides akachukua punje, akaitazama, akakitazama kichuchu. Akaona ukubwa ni ule ule. Akaiweka pale.

Injini ikaimeza.

Tuliisikia ikishuka, koro, koro, koro, gari likapaliwa, likakohoa, nyuma likatoa moshi mweupe wenye harufu ya kahawa ya kukaanga, nzuri ajabu, mpaka jirani mmoja akapiga hodi akiwa na kikombe. Kwa muda kidogo sailensa ikashuka yenyewe. Halafu ikapanda.

Hapo ndipo kichwa changu kikafanya kazi. Nikasimama.

"Ta Rutashobya, nikuulize. Hilo ni gari, au ni Datius?"

"Ni Datius! Nimesema tangu asubuhi!"

"Wote mmemsikia?" Ukoo ukaitikia kwamba wamemsikia. "Vizuri. Basi Datius amekula kahawa. Kahawa ya nani? Ya Joviana. Ya mkononi mwake, mbele yenu, na ameitafuna na ganda. Sasa wewe uliyekaa na wazee kuliko mimi niambie: mtu aliyekula kahawa ya nyumba, anaweza kuifanyia nyumba hiyo ubaya?"

Hilo kila Mhaya analijua hata akiwa na homa. Watu walichanjana na kuwa ndugu kwa punje moja ya kahawa. Ukishaitafuna, umefunga mdomo na mikono yako. Wazee wakaanza kutikisa vichwa, mmoja akasema, "Ma Celina ana neno." Joviana aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Rutashobya akaligeukia gari. "Mbona basi bado anafoka?"

"Anaomba nyingine!"

Wakacheka, hata wale waliokuwa upande wake. Aristides, asiyejua tunachekea nini, alikuwa ameshachagua punje kubwa zaidi, akaikandamiza kwenye tundu kwa mpini wa bisibisi. Ikakaa. Gari likatulia, na kidole hakipo.

"Ameshiba," nikasema, nikakaa.

Lakini mzee alikuwa ameshaiona migomba inamponyoka. Akafungua mlango, akajikunja ndani ya lile gari kama mkungu wa nyuma, akasema, "Aliyeshiba kwa hiari tutamjua!" na akaukanyaga mguu wote mpaka chini.

"Usikanyage!" Aristides akapiga kelele, hiyo aliiona, hakuhitaji masikio. "Likisimama linavuta, taba ikiamka linapu—"

Taba iliamka. Ile punje ilitoka kwenye kichuchu kama risasi, ikapita kati ya miguu ya Aristides, ikatoboa jani la mgomba, ikapita juu ya paa na kuelekea kaskazini. Baadaye nilisikia kwamba mtawa mmoja Kashozi aliikuta kwenye mboga yake, bado ya moto.

"Ametema!" Rutashobya akachomoka garini kwa magoti. "Mmeona? Ametema kahawa yake! Amemkataa!"

"Ametema kwa sababu wewe umemkanyaga tumboni!"

"Ya kwanza alimeza kwa njaa! Ya pili ndiyo jibu!"

"Aliyekula moja amekula!"

"Aliyetema ametema!"

Sasa ukoo ukagawanyika. Wa kumeza walisimama upande wa jiko, wa kutema upande wa kaburi, na kila upande una mzee wake na mfano wake wa zamani. Mmoja alikumbuka mgeni aliyetema kahawa na bado akaoa humo. Mwingine alikumbuka aliyemeza na akaiba ng'ombe. Joviana alikaa katikati, kikapu magotini, kila anayezungumza anamwonyesha kwa kidole kana kwamba ni mti wa mpakani. Nikaona macho yake yanaanza kuhesabu vitu vya ndani, kipi atabeba, kipi ataacha. Hapo sikucheka.

Aristides ndiye hakuwa upande wowote. Alikuwa amerudisha kidole kwenye tundu, kwa mkono wa pili anapapasa chini ya injini. Akachomoa kitu, akakiinua juu: kipande cha mpira mweusi, kifupi kama ukucha, bado kimebanwa na kibanio chake. Mwisho wake mmoja ulikuwa umekatwa, mshazari, safi, kama mtu anavyokata muwa.

"Hapa palikuwa na mpira," akasema kwa ile sauti yake ya kiziwi inayofika bandarini. "Haukuchakaa, haukuliwa na panya. Panya namwomba radhi. Umekatwa kwa kisu. Siku ya mazishi ulikuwepo, maana gari lilikuwa kimya. Umekatwa hapa, kwenye matanga. Nipeni mpira wangu, gari litatulia mpaka lioze."

Wa kumeza wakawatazama wa kutema.

Rutashobya akakichukua kile kipande, akakigeuza, na nikaona furaha inapanda usoni mwake kama maziwa yanayochemka. Alikuwa amepata kitu kizuri kuliko mzimu.

"Kumbe," akasema taratibu. "Kumbe kuna mkono. Mtu ameingia kwenye gari la marehemu na kisu, kabla mwenyewe hajapoa kaburini, akamkata. Akamtesa. Akamfanya apige kelele kama mwendawazimu mbele ya wageni." Akainua kidole, akakielekeza kwa Joviana, moja kwa moja. "Nani alibaki hapa usiku na mchana? Nani ana visu vya nyumba hii?"

"Mimi nakata ndizi, baba," Joviana akasema. "Sijui hata hilo gari linafunguliwa wapi."

"Fundi ameshasema, umekatwa! Basi sikilizeni, na mnishike kwa maneno yangu." Akavua kofia. "Sisemi tena Datius, sisemi kahawa. Aliyeukata mpira huu ndiye aliyeuvunjia ukoo heshima. Awe mke, awe fundi, awe huyu kikongwe wa tumbaku! Naapa mbele ya kaburi: akipatikana na huo mpira anafungasha leo hii, hagusi tena mgomba wa humu, na hana neno lolote kwenye mambo ya ukoo huu, namkana, simjui, hata kama tumenyonya ziwa mo—"

Mlango wa nyumba ya nyuma ukalia. Ma Kokuberwa akatoka, taratibu, kanga mbili mabegani, amekumbatia kibuyu cha pombe ya lubisi kama mtoto. Kutoka kwenye kibuyu mpaka kwenye mdomo wake usio na jino hata moja kulikuwa na mpira mweusi, mwembamba, mwisho wake umekatwa mshazari. Akavuta, mashavu yakazama, akameza, akatutazama mmoja mmoja.

"Mirija yenu ya matete inanichana fizi," akasema. "Huu ndio laini. Haya, mlikuwa mnasema nini?"

Ta Rutashobya alikuwa bado ameinua kidole.